Fundi wa matanuri anayekimbizana na mvua ili aandike jina lake kileleni

Saa saba mchana, siku ya Alhamisi, miguu ya Annett Kliemann inachomoza kwenye mdomo wa tanuri la mikate mjini Oldenburg. Buti nyeusi, soksi moja ya bluu na nyingine ya kijani. Mwili uliobaki umo ndani pamoja na tochi, spana namba kumi na saba na beringi ya feni iliyokwisha kabisa.

Tanuri limezimwa tangu alfajiri, lakini kipimajoto cha mlangoni bado kinasoma nyuzi hamsini na mbili. Kila baada ya dakika kumi Annett anajivuta nje, anakunywa maji, anafuta jasho kwa mkono wa shati, halafu anachukua simu. Hasomi ujumbe wa mtu. Anaangalia ramani ya mvua ya mahali palipo karibu kilomita mia tano kutoka hapo.

"Fundi, umekuja kutengeneza tanuri au kutabiri hali ya hewa?" anamuuliza Onno Harms, mwenye duka hilo, mzee mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi.

"Vyote viwili, bwana Harms. Tanuri lako litapona leo. Mvua ya kwetu ndiyo sijui."

Kwetu ni Pirna, kwenye mto Elbe, ambako miamba ya mchanga imesimama msituni kama minara. Juu ya mmoja wa minara hiyo, unaoitwa Mjane wa Mfinyanzi, kuna kisanduku cha chuma, na ndani ya kisanduku kuna kitabu. Kila anayefika kileleni anaandika tarehe, jina lake na njia aliyopandia. Ndivyo wafanyavyo watu wa kule tangu enzi za mababu zao, na kwenye jambo hilo hawana mchezo.

Kitabu cha Mjane kiliwekwa mwaka 1990. Mnara wenyewe uko mbali, una kivuli na kuvu, na wanaoupanda ni wachache, ndiyo maana kimedumu hivyo. Septemba mwaka jana kilikuwa kimebakiza mistari miwili tu. Kikijaa kitateremshwa na kwenda kulala kwenye kabati la kumbukumbu Dresden, na kipya kitawekwa mahali pake.

Annett, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anautaka mstari mmoja. Katika kitabu hicho limo jina la marehemu baba yake.

"Sina haja ya jina langu kuwa kwenye kitabu kipya," anasema huku akiifunga nati ya mwisho. "Nataka tuwe wawili kwenye hichohicho. Basi. Siombi kingine mwaka huu."

Ukimsikia unaweza kudhani ni jambo la kwenda Jumamosi moja na kurudi. Lo, ungejua.

Kwanza kuna kozi, ndege wa mawindo. Ndege hao hutaga kwenye ubavu wa Mjane, na tangu Januari hadi katikati ya Juni hakuna ruhusa ya kuusogelea. Kufikia Novemba kuvu limeshaota na mnara haupandiki tena. Hapo katikati ndipo penye nafasi, na hapo katikati ndipo Annett anapozunguka nchi nzima na gari la kampuni. Mwaka jana aliendesha kilomita elfu sitini na nane na kulala hotelini siku mia moja na arobaini. Mshahara anaopokea mkononi ni euro 2,900 kwa mwezi, na anasema haulalamikii. Anachokililia ni wikendi.

Halafu kuna mvua yenyewe. Jiwe la mchanga likilowa hulegea kwa ndani, hata kama kwa nje linaonekana kavu. Ukishika ukingo ukakuvunjikia mkononi, umevunjika moja kwa moja, maana mwamba hauna duka la vipuri. Kwa hiyo mvua ikinyesha watu wanasubiri siku moja, mbili, wakati mwingine tatu. Anayepanda jiwe bichi hapigwi faini, lakini habari zake zitafika kwenye kila meza ya bia kati ya Pirna na mpaka wa Ucheki, na kumpata mtu wa kumshikia kamba tena itakuwa kazi.

Annett amehesabu. Tangu kozi walipoondoka hadi Alhamisi hii zimepita wikendi kumi na mbili. Tisa zilinyeshewa. Mbili zilikuwa kavu, lakini moja ilimkuta Flensburg kwenye tanuri lililounguza swichi, na nyingine Trier, ambako mlango wa tanuri ulikuwa umepinda. Iliyobaki ni ile ya Julai, ambayo hata sasa akiisimulia anauma midomo.

Jumapili hiyo jua lilikuwa linawaka na ndege wanaimba. Mvua ilikuwa imekatika Ijumaa asubuhi. Annett alikuwa amefika nyumbani Jumamosi jioni kutoka Hanover, akala amesimama, akalala na viatu vya kupandia pembeni ya kitanda. Saa tatu asubuhi alikuwa chini ya Mjane na mwenzake wa kamba, Undine Roscher.

Undine ana miaka sitini na minne. Alikuwa tarishi wa posta kwa miaka arobaini, anapanda pekupeku, na ndiye mwenye dhamana ya vitabu vya vilele kumi na vinne kwa niaba ya chama chao kidogo, kinachoitwa Viatu Vibovu. Kazi ya vitabu aliipokea miaka mitatu iliyopita na anaifanya kama alivyofanya posta, bila kuchelewa na bila upendeleo.

Siku hiyo Undine hakuutazama mwamba kabisa. Alichuchumaa, akachomeka kidole kwenye mchanga chini ya mnara, akakitoa. Mchanga ulikuwa umekiganda mpaka kwenye kifundo cha pili.

Annett anakiri kwamba alimjia juu. Alimwambia jiwe limekauka, angalia mwenyewe, limekuwa jeupe. Akamwambia mistari miwili haitamsubiri, na Jumatatu anatakiwa awe Kassel. Undine alimwacha amalize, kisha akajipangusa kidole kwenye suruali.

"Jiwe halijui kwamba Jumatatu una kazi," alimwambia, akaanza kushuka njia ya kurudi.

Walikula saladi ya viazi ndani ya gari. Kabla ya kuachana Undine alimpa vipande viwili vya keki ya jibini ampelekee mama yake, na Annett anasema alipofika nyumbani hasira zilikuwa zimeshamtoka. Alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na makosa.

"Undine angeniambia tupande, ningepanda," anasema. "Na ningevunja kitu. Namshukuru mpaka leo, ingawa siku ile nilitaka kumtupia zile keki."

Kwa nini kitabu hicho kina uzito hivyo? Hapo inabidi kurudi nyuma miaka thelathini na moja.

Baba yake, Gotthard Kliemann, alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli. Nchi mbili, ya mashariki na ya magharibi, zilipoungana karakana ilipunguza watu, na mwaka 1992 naye akapunguzwa. Akawa na muda mwingi na maneno machache. Siku kavu alikuwa msituni na kamba, na akiweza alimchukua binti yake.

Septemba 1993 Annett alikuwa na miaka kumi na sita. Jumapili hiyo rafiki yake alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, lakini baba akamchukua kwenda kwa Mjane. Katikati ya mnara kuna ufa mpana ambao mtu anajipenyeza bega moja, halafu anasukuma kwa goti na mgongo, na ndani mna giza na baridi. Humo ndimo Annett alimokwama. Alilia. Alimpigia baba yake kelele amvute, na baba kutoka juu akamjibu, nakuvuta, nakuvuta, we panda tu. Alipotokeza kileleni uso ukiwa umejaa machozi na mchanga, baba alicheka kwa furaha.

Msichana akakichukia kile kicheko. Baba alipomsogezea kitabu na penseli, alikataa.

"Nilimwambia sikupanda, umenivuta kama gunia la viazi. Siandiki," anakumbuka. "Akaniambia, sawa, utaandika utakapojisikia. Mimi nikamgeuzia mgongo, nikawa natazama msitu."

Kule kwao kuna watu wameanguka, wamevunjika miguu, wamepoteza viatu na miwani. Lakini kufika kileleni na kukataa kitabu, hilo Undine anasema halijawahi kumfikia masikioni kabla ya Annett.

Mwaka uliofuata Annett alikwenda magharibi kujifunza ufundi, kwa sababu kwao kazi hazikuwepo. Akaolewa, akaachika, akajifunza matanuri. Na baba yake walizungumza kwenye simu kila Jumapili, habari za gari na habari za hali ya hewa, lakini habari za Mjane hakuna aliyezigusa. Mzee alifariki kwa moyo miaka kumi na moja iliyopita. Annett alirudi Pirna kwa mazishi, akakuta kamba ya baba imekunjwa vizuri darini, na hakuondoka tena. Alianza kupanda upya akiwa na miaka thelathini na minane, akajifunza kutangulia kwenye kamba, polepole, ili siku moja aongoze kwa Mjane bila kuvutwa na mtu yeyote.

Sasa turudi Oldenburg, ambako saa nane na robo Annett anafunga mlango wa tanuri na kuangalia simu kwa mara ya saba.

Tangu Jumatatu kwao hakujadondoka hata tone. Ijumaa ni kavu. Jumamosi jioni mvua inaingia, na nyuma yake inafuata wiki nzima ya mawingu. Tatizo ni moja: kwenye karatasi ya kazi imeandikwa kwamba Ijumaa asubuhi fundi awepo wakati tanuri linachoma mkate wa kwanza, na bila sahihi ya mwenye duka hawezi kuondoka.

Annett si mtu wa kuomba. Anazunguka tanuri mara mbili, anapangusa mahali palipokwisha kupanguswa, halafu anamwendea Onno na kumweleza yote: kitabu, mistari miwili, baba, gunia la viazi. Anaeleza akitazama sakafu.

Onno Harms hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya ghala. Anasikiliza mpaka mwisho, anajikuna kidevu, kisha anafungua mlango wa nyuma na kuwaita waoka mikate wake wawili waliokuwa wamekwisha kuvaa makoti ya kwenda nyumbani. Unga uletwe. Mkate wa kwanza utachomwa leo.

Saa kumi jioni mikate arobaini ya shayiri nyeusi inatoka, yote imeiva sawasawa, hata ile ya pembeni ambayo kwa mwezi mzima ilikuwa inaungua. Onno anagonga kitako cha mmoja kwa kidole na kuusikiliza, anatia sahihi, na kumtia Annett mikate miwili kwapani.

"Huo mmoja wa mama yako," anamwambia. "Na ukifika huko juu, usinisahau mimi, mwoka mikate wa alfajiri, niliyechelewa kulala."

Ndani ya gari, mwandishi wa makala haya akiwa kiti cha pembeni, Annett hawezi kuondoka mara moja. Anafuta macho kwa kitambaa cha kupangusia spana.

"Watu wakiniona wanadhani napanda kwa mikono," anasema. "Mimi napanda kwa fadhila za watu. Kuna bosi aliyenibadilishia zamu, kuna mwenzangu aliyekwenda Trier mara ya pili badala yangu, sasa na huyu mzee. Nikianza kuwataja tutafika Pirna sijamaliza."

Simu inaita wanapopumzika kwenye kituo cha mafuta karibu na Magdeburg. Ni Undine. Annett anaweka sauti ya nje, kwa sababu mikono yake imeshika kahawa na mkate.

Undine hana kawaida ya kuzungusha maneno. Jana, Jumatano, vijana wawili kutoka Leipzig wamepanda Mjane. Waungwana, wanajua taratibu: namba ya mwenye dhamana imeandikwa ndani ya jalada, na wamempigia kumjulisha. Kitabu kimejaa. Mstari wa mwisho umekwenda.

Annett anaiweka kahawa chini. Malori yanapita.

"Basi hakuna haja," anasema hatimaye.

"Haja ipo," Undine anamjibu. "Kitabu kipya hakina miguu ya kujipandisha. Saa tatu, pale pale. Na ulete huo mkate nausikia unautafuna."

Kilomita mia mbili na arobaini zilizobaki Annett anazungumza mara tatu tu, mara mbili kuhusu foleni ya magari. Mara ya tatu anasema kwamba pengine ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mtu aliyekataa kitabu, kitabu nacho kimemkataa.

Ijumaa, saa tatu kamili. Undine amefika mapema, viatu vyake viko tayari kwenye mfuko. Anachuchumaa na kuchomeka kidole kwenye mchanga. Kinatoka kikavu, na mchanga unateleza kutoka kwenye kucha kama sukari. Anaitikia kwa kichwa.

Annett anajifunga kamba. Begani amening'iniza vitanzi vya kamba vyenye mafundo, vidogo kwa vikubwa. Kule huruhusiwi kuchomeka vyuma kwenye mwamba, vinalikwangua jiwe. Unatafuta mahali ufa unapobana, unalisukumiza fundo humo kwa kijiti, na unaomba likushike. Pete ya chuma iliyopigiliwa kwenye Mjane ni moja tu, na iko juu ya ufa, ukishamaliza kuogopa.

Mita kumi na tano za kwanza anapanda bila haraka. Anapofika mdomo wa ufa anasimama, anapuliza hewa, anaingiza bega. Sasa inayoonekana ni miguu yake tu, ikichomoza mwambani vilevile ilivyochomoza kwenye tanuri la Oldenburg jana. Undine anatoa kamba taratibu, shingo imepinda, midomo haitikisiki. Dakika nane. Halafu mguu mmoja unapotea ndani, wa pili unaufuata, na baada ya muda sauti inatoka juu ikisema amefika kwenye pete.

Undine anamfuata pekupeku kwa muda mfupi hata hakuna la kuhadithia. Anayebaki ni mwandishi wa makala haya, ambaye aliambiwa kwamba akitaka habari aifuate iliko. Ndani ya ufa mwandishi alikwama, akaomba avutwe, na akavutwa kwelikweli na wanawake wawili wakihesabu moja, mbili, tatu. Juu ya hilo hakuna ubishi, na hakuna haja ya kulirefusha.

Kilele cha Mjane kinatosha watu watano wanaopendana. Kisanduku kimefungwa kwenye mwamba kwa mnyororo mfupi. Undine anakifungua, anatoa kitabu chenye jalada la kijivu lililovimba kwa unyevu, anakiangalia ukurasa wa mwisho. Kweli kimejaa. Vijana wa Leipzig wameandika kwa herufi ndogo nadhifu na kuongeza kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Anamkabidhi Annett. Kazi yake yeye, anasema, ni kuhesabu mistari iliyobaki. Kusoma ya zamani hajawahi kusoma.

Annett anafungua taratibu kuelekea nyuma. Mwaka 2010. Mwaka 2001. Mwaka 1996. Kurasa nyingine zimeshikamana na anazitenganisha kwa ncha ya kisu. Kisha anafika kwenye mwandiko uliolala upande wa kushoto, wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki kwenye mabehewa, na mkono wake unasimama.

Imeandikwa tarehe 12 Septemba 1993, G. Kliemann, Njia ya Kale. Halafu, kwa herufi zilizobanana ili zienee:

"Annett alipanda mwenyewe. Aliniomba nimvute, nikamwambia namvuta. Kamba ilikuwa imelegea mwanzo mpaka mwisho. Mstari wa chini ni wake."

Mstari wa chini ni mtupu.

Unaofuata umeandikwa wiki moja baadaye na watu wa Pirna, na baada yao majina zaidi ya mia nne, miaka thelathini na moja ya wapandaji, hakuna hata mmoja aliyeugusa. Pembeni yake, kwa penseli iliyofifia na mwandiko wa mtu asiyejulikana, kuna maneno mawili na mwaka: "Bado hajaja. 2008."

Annett anakaa chini juu ya mwamba. Analia wazi, bila kujificha, kitabu kikiwa mapajani, na anageuza uso pembeni ili machozi yasidondokee karatasi.

"Hakunivuta," anasema. "Miaka yote hii. Hakunivuta."

Undine anavaa miwani na kusoma ukurasa ule tangu juu mpaka chini, kama mtu anayekagua anwani kwenye kifurushi. Annett anamtazama, penseli mkononi, kwa sababu huyu ndiye mwenye dhamana, na kitabu kimekwisha kutangazwa kuwa kimejaa. Akisema hapana ni hapana.

"Humu haliandikwi la uongo," Undine anasema. "Siku ile ulipanda au ulivutwa?"

Annett anatazama kule ambako ufa unatokeza, pale alipopita sasa hivi bila mtu juu yake.

"Nilipanda."

"Basi andika, wewe mtoto. Umemchelewesha sana baba yako."

Anaandika. Jina la kwanza na la pili, bila tarehe, kwa kuwa tarehe ipo tayari hapo juu. Herufi za mwisho zinapanda kidogo kuelekea jina la baba. Anapomaliza anashika mkono wa Undine kwa mikono yake miwili, kama wanavyofanya wote wakifika kileleni, lakini yeye anachelewa kuuachia.

Anasema asante. Mwandishi alimuuliza baadaye asante hiyo ilikuwa ya nani, akacheka. Ya baba, alisema, kwa kutomvuta, na kwa kumdanganya. Ya huyo wa mwaka 2008 aliyekuwa na wasiwasi naye. Ya watu mia nne waliokuja na penseli, wakaona nafasi, wakaipita. Ya Undine na kidole chake.

"Ningepanda Julai kwenye jiwe bichi," anaongeza, "ningeandika kwenye mstari wa mwisho, nikafunga kitabu, nikashuka na furaha zangu. Huku nyuma nisingefungua kabisa."

Kitabu kipya kinatolewa kwenye mfuko wa plastiki. Undine anaandika tarehe ya leo, Annett Kliemann anayeongoza, Undine Roscher wa pili. Mwandishi wa makala haya alipouliza kwa upole kama naye ana nafasi, aliambiwa kwamba gunia la viazi haliandikwi.

Wakati wa kushuka mipango inapangwa. Annett ataomba Ijumaa moja kwa mwezi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na bosi wake ameshasema kwenye simu kwamba watazungumza. Oldenburg atarudi mwezi ujao kukagua feni, na atampelekea Onno Harms picha ya ukurasa ule, iwekwe ukutani juu ya tanuri.

Kitabu cha zamani kwa taratibu kinatakiwa kwenda Dresden wiki hiyohiyo. Annett anaomba kitu kimoja: apewe siku mbili kwanza, ampelekee mama yake Heidenau. Mama ana miaka sabini na sita, hajawahi kupanda hata kilele kimoja, na kila Jumapili kavu kwa miaka mingi alibaki nyumbani bila kujua mumewe na binti yake wanafanya nini huko msituni.

Undine anafikiri mpaka wanafika kwenye magari. Halafu anakubali, kwa masharti: meza iwe imepanguswa, mikono imeoshwa, na kahawa ikae chumba kingine. Kitabu kirudi Jumatatu asubuhi kabla Annett hajaingia barabarani.

Annett anakifunga kwenye sweta lake na kukiweka kwenye kiti cha mbele, anakivutia mkanda wa gari. Kiti cha nyuma kuna mkate wa shayiri wa mama. Kwa mazoea anatoa simu na kufungua ramani ya mvua.

Kuanzia Jumamosi jioni yote ni ya bluu. Jumapili kutwa nzima itanyesha, Pirna, Heidenau, mpaka juu milimani, wala hakuna mtu atakayegusa jiwe.

Annett anaitazama kidogo, halafu anaizima simu.

"Inyeshe tu," anasema. "Jumapili nina kazi kwa mama."